Imekomea Hatua Ipi?

Mteja akinipigia simu kwamba oveni yake ya gesi haiwaki, swali langu la kwanza haligusi mtungi wala umeme. Namuuliza: ukibonyeza swichi unasikia nini, baada ya hapo unasikia nini, na inanyamaza wapi? Wengine swali hili linawaudhi, maana unga umeshaumuka, wenye maduka wanataka mikate alfajiri, na wao walitegemea niseme tu kwamba nakuja na spea. Lakini katika kazi yangu ya oveni na majiko hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga hadi Gungu na Ujiji, swali hilo limewaokolea wateja fedha nyingi kuliko kifaa chochote kilichomo kwenye begi langu. Na ndilo lililosaidia kuwasha hita ya nyumba huko Iowa, Marekani, katika baridi ya kugandisha maji kwenye mabomba, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la bekari na simu mkononi.

Nianze na oveni, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza.

Oveni hizi za kuokea mikate, zenye deki mbili au tatu, haziwashwi kwa kiberiti. Ndani yake kuna kontrola, kiboksi kidogo cha umeme ambacho kazi yake ni kufuata hatua kwa mpangilio. Thamostati, kifaa cha kupangia joto, inaomba joto. Kontrola inajikagua, kisha inapiga cheche na wakati huohuo inafungua valvu ya gesi. Moto unashika. Halafu inafuata hatua ambayo wenye oveni wengi hawajawahi kuelezwa: kontrola inadai uthibitisho kwamba moto upo kweli. Ikiupata, valvu inabaki wazi na kazi inaendelea. Isipoupata ndani ya sekunde chache, inafunga gesi, kengele inalia, taa nyekundu inawaka. Hapo ndipo mtu anasema oveni imekufa, wakati imefanya jambo la maana kuliko yote iliyotengenezewa: imekataa kumwaga gesi kwenye chumba chenye watu bila kujua kama gesi hiyo inaungua. Gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea dirishani. Inatambaa sakafuni, inajaa chini ya meza, inasubiri cheche.

Uthibitisho wenyewe hupatikana kwa sindano ya chuma iliyochomoza mbele ya bomba la moto. Mwali wa moto hupitisha umeme, kidogo sana, kiasi cha kupimwa kwa mikroampia, yaani sehemu ya milioni ya ampia. Kontrola inapeleka umeme wa kwenda na kurudi kwenye sindano. Unapita ndani ya mwali, unafika kwenye bomba la moto, unarudi kupitia bodi ya oveni na waya wa ethi, ule unaounganishwa na ardhi. Kwa kuwa bomba ni kubwa na sindano ni nyembamba, umeme hupita kwa wepesi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na kontrola inautambua mwali kwa tofauti hiyo. Ndiyo maana huwezi kuidanganya kwa kuegemeza sindano kwenye chuma. Hapo umeme utapita pande zote mbili sawasawa, nayo itajua kwamba huo si moto. Mtu aliyebuni jambo hili namheshimu sana, ingawa simjui.

Sasa bekari. Mama mmoja mwenye bekari aliniita akiwa ameshachoka na mafundi. "Mwanangu fundi," akaniambia, "hii oveni mchana ni nzima, usiku ni mgonjwa. Usiku inawaka, halafu inazima yenyewe." Waliotangulia walikuwa wamebadilisha kontrola, kisha valvu, na mwisho wakamwambia kwamba gesi inaganda usiku. Maneno hayo yana chembe ya ukweli ndani yake. Butani huacha kugeuka kuwa mvuke inapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, na mtungi mdogo unaodaiwa gesi nyingi kwa mkupuo hupoa wenyewe hadi ukatoka jasho, presha ikashuka. Lakini usiku wa Kigoma hauna baridi ya namna hiyo, na mama huyu alikuwa akitumia mitungi ya kilo 38.

"Ikiwaka, mama, mwali una rangi gani?"

"Bluu kabisa."

"Halafu?"

"Halafu kidogo tu, pah, imezima. Kengele inalia."

Mwali wa bluu ulishaniambia mengi. Gesi imefika, presha inatosha, cheche ipo, valvu inafunguka. Kila kilichobadilishwa kwa fedha zake kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa kwenye hatua ya uthibitisho. Niliisugua sindano kwa msasa laini, maana masizi na kutu nyeupe ya joto huizuia kusoma, lakini hali haikubadilika. Ndipo nilipomuuliza usiku kuna nini ambacho mchana hakipo, akanionyesha kwa kidole, bila kuona ajabu yoyote: jenereta.

Mkoa wetu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mitambo ya dizeli, na mwenye biashara yoyote ya kutumia umeme hapa alijifunza kuwa na jenereta yake. Umeme wa bekari ile ulikuwa ukikatika zaidi usiku, saa za kuoka. Na jenereta nyingi ndogo zina tabia moja: waya wake wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, haujaunganishwa na ardhi, unaelea. Kwenye umeme wa shirika, nyutro na ethi zinakutana, kwa hiyo ule umeme mdogo wa sindano ukipita kwenye mwali unapata njia ya kurudi nyumbani. Kwenye jenereta ile njia haikuwepo. Moto ulikuwa unawaka mbele ya sindano, na kontrola haikuwa na namna ya kuuona, ikafunga gesi. Ilikuwa sahihi kila usiku.

Tulimwita fundi umeme mwenye leseni. Akachimbia fimbo ya ethi, akaunganisha nyutro ya jenereta na ethi kwa utaratibu, akafunga na swichi ya kubadilishia ili umeme wa jenereta usiingie kamwe kwenye nyaya za shirika. Hili la mwisho nalisisitiza kila ninapopita. Jenereta iliyochomekwa ukutani bila swichi hiyo inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo mtaa wa pili, anayeamini kwamba laini imezimwa. Usiku ule oveni iliwaka ikabaki inawaka, na ile kontrola ya zamani, iliyokuwa imetupwa kwenye boksi la misumari, tukairudisha kazini.

Tangu hapo watu wakaanza kuniita kwa oveni zilizowashinda wengine. Nimekuta nyigu wameziba tundu la gesi kwa udongo. Nimekuta mende ndani ya kontrola, laini na nyutro zimegeuzwa kwenye plagi, mpira wa gesi umekunjamana nyuma ya meza. Na mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, nimekuta swichi ya usalama imeungwa dairekti. Fundi kaona oveni inakataa, kakata waya mbili za kifaa kinachokataa, kaziunganisha, oveni imewaka, kalipwa, kaondoka. Kazi ya namna hiyo siiachi kama nilivyoikuta, hata mteja akisema hana fedha ya kifaa kipya. Bora oveni ikae imezima mpaka fedha ipatikane.

Rafiki yangu wa Iowa nilimfahamu Nyarugusu. Kambi ile ya wilaya ya Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na yeye alikulia pale, familia yake ikitokea Fizi, ng'ambo ya ziwa. Siku za soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji mimi nilikuwa napeleka majiko na kutengeneza mabovu, yeye akiuza mikate ya tanuri la udongo alilolijenga mwenyewe. Tulibishana sana juu ya joto: yeye anapima kwa kuingiza mkono, mimi kwa kipimajoto, na mara nyingi tulipatana. Baadaye familia yake ilipata nafasi ya kuhamia Marekani. Anafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na huko simu hufungiwa kabatini.

Kwa hiyo aliyepiga alfajiri ile alikuwa mke wake. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja, nikiwa bekari kwenye matengenezo. Kwao saa mbili za usiku uliotangulia.

"Shemeji, unisamehe kukuamsha. Huku tuko mu baridi. Ile mashini ya joto ya nyumba imekataa tangu mchana. Mwenye nyumba hapokei telefone. Batoto bananilia."

Sijawahi kuiona hita ya nyumba kwa macho. Lakini kabla ya hita nilitaka kujua jambo jingine: kwa wakati huo walikuwa wanapata joto wapi? Akasema amewasha oveni ya gesi ya jikoni, ameacha mlango wake wazi, na watoto amewalaza karibu yake.

"Zima, shemeji. Zima sasa hivi, tutaongea ukisharudi."

Nilimwambia afungue mlango wa nje kidogo hewa ibadilike, awaamshe watoto awaulize kama kichwa kinauma au kichefuchefu kinawasumbua. Walikuwa salama. Gesi isiyoungua vizuri kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anasinzia, basi. Hapa kwetu masika ikichachamaa kuna watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Nimezika jirani kwa ajili hiyo. Kwa hiyo sikumbembeleza shemeji wala sikutafuta maneno laini, na yeye alinielewa.

Baada ya hapo nikamuuliza kama ananusa harufu ya gesi. Hapana. Angesema ndiyo, maelekezo yangu yangekuwa mafupi: toka na watoto, usiguse swichi yoyote, piga simu ukiwa nje. Wao wanatumia gesi asilia ya bomba, ambayo ni nyepesi kuliko hewa tofauti na ya kwetu, lakini zote mbili hutiwa harufu kwa makusudi ili pua ya mtu iwe kengele.

Tukaanza kazi. Thamostati iko ukutani sebuleni. Akanisomea: imewekwa 68, nyumba iko 52. Binti yangu aliye sekondari alitukokotolea kutoka Farenhaiti: walitaka nyuzi 20 za Selsiasi, ndani mlikuwa na 11. Nje ilikuwa chini ya sifuri kwa mbali. Kioo cha thamostati kilikuwa kinawaka, kwa hiyo betri zilikuwa nzima, na kimewekwa upande wa joto. Hatua ya kwanza imepita: joto limeombwa.

Hita yenyewe iko chini, kwenye chumba cha ardhini. Kuna swichi ukutani kando yake inayofanana na ya taa, ambayo watoto au mgeni huizima bila kujua, lakini ilikuwa imewashwa. Breka ilikuwa haijashuka. Mkono wa bomba la gesi ulikuwa umelala sambamba na bomba, maana yake umefunguliwa. Nikamwambia achomoe filta ya hewa ainyanyue kwenye taa. Ilikuwa ya kijivu, imejaa vumbi. Nikamwambia ibadilishwe, lakini siyo yenye kosa, na nikamweleza kwa nini: filta ikiziba, moto huwaka kwanza, kisha hewa isiyopita inafanya chuma kipate joto kupita kiasi, swichi ya joto inakata. Yeye moto hakuuona kabisa.

"Sasa washa, shemeji, halafu usiseme kitu. Weka simu karibu nayo nisikie."

Nikasikia kama feni ndogo ikianza kuzunguka. Ikaendelea kuzunguka. Hakuna mlio wa valvu, hakuna mvumo wa moto. Baada ya muda ikanyamaza. Kisha ikaanza tena vilevile.

Kwa namna binti yangu alivyonisomea kwenye simu ya pili na kwa namna mafundi wa huko wanavyoelezea, hita ya nyumba ina mpangilio kama wa oveni, ila imeongezewa hatua mbele na nyuma. Thamostati ikiomba joto, bodi, ambayo ndiyo kontrola yake, inawasha kwanza feni ndogo ya kuvuta moshi. Feni hiyo ikivuta vizuri, mvuto wake unafunga swichi ya presha. Swichi ikifunga, ndipo kiwashio kinapewa umeme kikawa chekundu kama kaa, valvu inafunguka, moto unashika, sensa, yaani sindano ya kuhisi moto, inauthibitisha kwa mikroampia zilezile ninazozijua mimi. Baadaye feni kubwa inaanza kusukuma hewa ya moto vyumbani. Hita ya shemeji ilifika kwenye feni ndogo ikaishia hapo. Kiwashio hakikuwahi kuitwa. Ningekuwa fundi wa kukisia ningemwambia asafishe sensa, kwa sababu sensa chafu ndiyo ugonjwa ninaokutana nao zaidi. Lakini sensa ingelaumiwaje wakati moto wenyewe haujawashwa?

Kwenye kidirisha cha mlango wa hita kulikuwa na taa ndogo inayokonyeza. Akahesabu: mara tatu, inapumzika, mara tatu. Maana ya hesabu hiyo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na ufunguo wake hubandikwa nyuma ya mlango. Alipoufungua mlango apige picha, mashine ikazima kabisa, taa nayo ikafa. Akapiga kelele, "Shemeji, nimeiua!" Hakuwa ameiua. Mlango ule una swichi yake, ukifunguliwa umeme unakatika ili mtu asiguse kinachozunguka. Akaurudisha, ikaamka. Binti akasoma picha: konyeza tatu, swichi ya presha haijafunga.

Katikati ya hayo shemeji aliniambia kwamba kuna ndugu yao wa jimbo jingine aliyemshauri achomoe nyaya mbili za swichi hiyo aziunganishe. Dairekti imefika hadi Marekani. Nilimkataza kwa ukali, nikamweleza swichi ile inalinda nini: inasema kama moshi una njia ya kutoka nje. Ukiiunga, unaiambia hita kwamba njia ipo hata kama imezibwa, na moshi utatafuta njia nyingine, ambayo ni vyumba vya kulala. Tena bodi nyingi za hita hukagua kwanza kwamba swichi iko wazi kabla feni haijaanza. Zikiikuta imefungwa zinakataa kuendelea. Waliozitengeneza walijua kuna watu wa kuunga.

Swali likabaki moja: kwa nini mvuto hautoshi? Feni inaweza kuwa dhaifu. Kimpira cha swichi kinaweza kupasuka au kuingia maji. Mfereji wa kutolea maji yanayotokana na moshi kupoa unaweza kuziba. Au bomba la nje limezibwa. Matatu ya mwanzo yanahitaji mtu mwenye vifaa. La nne linahitaji macho.

"Shemeji, leo hali ya hewa huko ikoje?"

"Theluji, na upepo mwingi. Upepo umeisukuma yote ku ukuta."

Hita za kisasa za huko hunyonya joto karibu lote kutoka kwenye moshi, zaidi ya asilimia 90, hata moshi ukabaki wa uvuguvugu wa kutosha kupita kwenye bomba la plastiki. Kwa hiyo badala ya kupanda dohani juu ya paa, bomba hutokea ubavuni mwa nyumba, mara nyingi karibu na ardhi. Moja la kutolea moshi, jingine la kuvutia hewa. Nilimwambia azime hita kwenye swichi, avae kila alicho nacho, achukue tochi, atafute mabomba mawili meupe kwenye ukuta wa upande ule. Asiende mbali, na simu aiache wazi.

Akaliona moja. La pili hakuliona, kwa sababu lilikuwa ndani ya theluji. Akafukua kwa mikono na koleo la jikoni, taratibu, asilivunje, akasafisha mbele ya yote mawili kiasi cha hatua moja na zaidi. Nilikuwa namsikia anavyopumua na anavyoomba kwa Kibembe. Bekari nzima ilikuwa imenyamaza, vijana wameacha kukata donge, wanasikiliza.

Alirudi ndani akaisubiri kidogo, kwa maana hita ikishindwa mara kadhaa hujifunga, na kuizima kisha kuiwasha huifungua. Akaweka simu karibu yake tena. Feni ndogo. Kisha klik. Kimya cha kiwashio kinachopata moto. Klik nyingine, na mvumo.

"Iko inawaka, shemeji! Rangi ya bulu, imelala inaingia ndani!"

Nikamwambia asifurahi bado, ahesabu. Mwali ukazidi zile sekunde za uthibitisho. Ukaendelea. Baada ya muda feni kubwa ikaanza na hewa ya moto ikatoka sakafuni sebuleni, akaniambia watoto wameshaweka miguu juu yake. Nilimwomba afungue bomba la maji la jikoni litiririke kidogo usiku kucha, maana nyumba ilikuwa imepoa sana na maji yanayotembea hayagandi upesi, na asilale kabla thamostati haijapanda. Pia aendelee kumtafuta mwenye nyumba. Kilicholeta tatizo ni theluji, lakini upepo ungeweza kuirudisha kabla ya asubuhi.

Mume wake alinipigia alipotoka zamu, akalia, na mimi sikuweza kusema mengi. Mwenye nyumba aliwapelekea fundi kesho yake. Fundi akaliinua bomba juu zaidi ya pale theluji inapojikusanya, akabadilisha filta, akasafisha sensa ya moto, na akafunga kengele ya kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Ndani ya nyumba walikuwa na ya moshi tu, na ya moshi haiisikii hewa hiyo. Rafiki yangu ameshazungumza na familia nyingine za Wakongo kanisani kwao, kwa Kiswahili, kwa sababu maelekezo waliyopewa walipohamia yalikuwa ya Kiingereza na yalikuja siku moja na karatasi nyingine zote.

Mimi nimemwagiza kengele kama hiyo. Gesi inazidi kuingia kwenye nyumba na shule zetu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuacha kuni na mkaa. Ni jambo jema sana kwa mkoa unaopoteza misitu yake. Lakini majiko hayo yatagoma, kama mashine zote, na atakayeitwa siku hiyo ni fundi wa mtaani au mpishi mwenyewe. Natamani wajue kwamba kinachogoma kina sababu yake kabla hawajashika koleo la kukatia waya.

Kwa wateja wangu nimeanzisha utaratibu mwingine, nao haugharimu kitu. Oveni ikiwa nzima, warekodi sauti yake kwa simu: waanze kurekodi kabla ya kubonyeza swichi, waache mpaka moto umeshika na kutulia, kisha wanitumie. Ikigoma warekodi tena vilevile, bila kuongea, waseme mwishoni tu kama wako kwenye umeme wa shirika au jenereta. Nikizisikiliza zote mbili nikiwa kwenye bodaboda, mara nyingi najua nibebe nini kabla sijafika.